Paneli Sitini za Mgeni

Shebughe aligonga mara moja, akasikiliza. Akasogeza nyundo shubiri moja kulia, akagonga tena. Safari hii aliinamisha kichwa hadi sikio likakaribia kugusa pua ya treni, akagonga mara tatu mfululizo, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu ila hawataki kufungua.

"Imekufa hii," alisema, ingawa hapakuwa na wa kumsikia.

Paneli nzima ina mlio wake. Ukiigonga kwa nyundo ya shaba inajibu ti, mlio mkavu na mfupi. Iliyoachana ndani inajibu pwa, kama umegonga papai. Shebughe alikuwa amesikiliza milio hiyo miaka ishirini na sita, tangu kiwanda cha Ngomeni kilipomchukua, baada ya kuacha shule darasa la sita na kuhangaika hapa na pale. Hakuna kifaa kilichowahi kumbishia na kushinda.

Alizungushia chaki kila mahali palipojibu pwa, kisha akarudi nyuma hatua mbili atazame. Duara lilikuwa pana kama sinia la kulia watu sita. Katikati yake palikuwa na kialama cheupe, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na unyoya mmoja wa mwewe ulionata hapo na kukauka.

Treni hiyo, Namba Saba, ilikuwa imerudi asubuhi ile kutoka kwenye jaribio. Ilikwenda Same na kurudi juu ya reli yake ya sumaku, kilomita mia sita na arobaini kwa saa, na karibu na Mkomazi ikamgonga mwewe aliyekuwa akijitafutia panya wake kwa amani.

Treni zote za Mshale, ile huduma mpya ya mwendo kasi, zilikuwa za mseto: singa za mkonge zilizolazwa tabaka juu ya tabaka, zikanyweshwa gundi, zikakandamizwa kwa moto hadi zikawa ngumu. Mseto ni mwepesi kuliko bati na haujui kutu. Ubaya wake ni mmoja. Bati likipigwa linabonyea, na kila mwenye macho anaona. Mseto ukipigwa kwa kasi unarudi ulivyokuwa, unang'aa, unakuchekea, na huku ndani tabaka zimeachana kama kurasa za daftari lililolowa.

Alikwenda kwenye kioo cha Pacha kilichokuwa ukutani.

Pacha alikuwa kompyuta iliyobeba nakala ya kila treni, na kila nakala ilikatwa katika vipande milioni arobaini, vidogo kama punje za mtama. Kila punje ilikuwa na namba yake ya madhara. Sifuri maana yake nzima, moja maana yake imekufa. Kamera zilipoona mwewe amegongwa, Pacha naye alimgonga mwewe wake wa namba kwenye treni yake ya namba, akalifuata pigo tabaka kwa tabaka, na jibu likawa tayari kabla treni halisi haijafika Korogwe.

PUA, NAMBA SABA. MADHARA: 0.11. RUHUSA YA SAFARI: NDIYO.

Shebughe aliandika kwa kidole kimoja: Pua imeachana ndani, sentimita sabini. Isisafiri.

"Asante, Fundi," alisema Pacha kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa taarifa ya habari. "Maoni yako yamepokelewa."

"Si maoni. Nimepima."

"Kugonga kwa nyundo kumeorodheshwa chini ya maoni. Je, una maoni mengine?"

Shebughe alikuwa nayo, akayatoa, na hakuna hata moja linaloweza kuandikwa hapa. Keshokutwa, Jumamosi saa mbili asubuhi, Namba Saba ilikuwa ibebe abiria mia mbili na themanini katika safari ya kwanza ya Mshale.

*

Injinia Nakijwa Mshana alikuwa anakula mihogo ya kukaanga juu ya karatasi za ofisi. Ndiye aliyekuwa mlezi wa Pacha pale kiwandani. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, mtoto wa Kipare mwenye akili na subira, ingawa subira yake kwa Shebughe ilikuwa inapungua mwezi hadi mwezi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Pacha wako ana wazimu."

"Juzi ulisema ana kiburi."

"Kiburi kimepanda kichwani. Njoo usikie ile pua."

"Mimi sina masikio yako, Fundi. Nina namba. Kaa basi, kula muhogo."

Shebughe alikaa, muhogo hakula. Nakijwa aliwasha kioo chake, na mwewe wa namba akaja taratibu, taratibu mno, akaigusa pua na kutandazika kama uji.

"Angalia," alisema. "Pigo halibaki pale lilipogusa. Linaingia kama wimbi, linafika mgongo wa paneli, halikuti mbele yake kitu, linarudi. Wakati wa kuingia lilikuwa linasukuma. Wakati wa kurudi linavuta. Kule kuvuta ndiko kunakoachanisha tabaka."

"Na kinachozizuia zisiachane ni nini?"

"Jinsi gundi ilivyoishika singa."

"Inashika kiasi gani?"

"Kiasi hiki." Alionyesha namba.

"Nani kakwambia?"

Nakijwa alishusha pumzi kama mwalimu wa kipindi cha mwisho. "Hakuna aliyeniambia. Zilipigwa paneli sitini kwa ule mzinga wa hewa, miaka tisa iliyopita, kabla sijaajiriwa hapa. Mwendo wa mia moja hadi mia saba. Wakaziona zinavyovunjika, wakamfundisha Pacha. Baada ya hapo sheria ikaruhusu tusipige tena kitu chochote. Pacha anatosha. Treni za zamani zilikwenda mia tatu, na miaka yote tisa hajakosea."

"Mia tatu. Hii inakwenda mia sita na arobaini."

"Najua. Mwendo ukizidi mara mbili, pigo linazidi mara nne. Lakini hilo nalo limo, Fundi. Zile sitini zilipigwa mpaka mia saba."

"Nionyeshe hizo sitini."

Alimwonyesha. Picha zilipita moja moja, paneli za mita moja kwa mita moja, kila moja na tundu lake safi, dogo, la kupendeza. Kwenye pembe ya kila paneli palikuwa na muhuri uliochomwa kwa moto, umbo la jembe dogo.

Shebughe aliutazama muhuri huo katika picha ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kisha akasimama.

"Umeona nini?" Nakijwa aliuliza.

"Nakuja," alisema, akatoka bila kufunga mlango.

*

Lile jembe lilikuwa alama yake. Kila paneli iliyotoka Ngomeni chini ya jicho lake ilichomwa alama hiyo. Na zile sitini alizikumbuka kama mtu anavyokumbuka harusi yake.

Bi Mwanshehe alikuwa bandani, kwenye meza ya kuchambulia, akipitisha fungu la singa juu ya mkono wake na kutupa fupi kushoto, ndefu kulia, bila kutazama. Alikuwa na miaka sitini na tatu na alisimamia wanawake themanini na wanne. Ndiye aliyempokea Shebughe siku yake ya kwanza kazini na kumwonyesha choo kilipo.

"Shikamoo, Da Mwanshehe."

"Marahaba. Mbona umevimba uso?"

"Zile paneli za wapimaji. Miaka tisa nyuma. Unazikumbuka?"

Mama yule alicheka. "Nisizikumbuke? Wale waliokuja na magari meupe. Ulituweka hapa wiki tatu kama tunamfunda mwali. Singa za daraja la kwanza tupu, na za daraja la kwanza nazo ukasema tuchambue tena. Ukaanika kwenye kamba siku tatu juani. Mimi nikakwambia, Shebughe, hizi zitatoka moshi sasa, toa."

"Tukakandamiza mara mbili."

"Mara mbili, taratibu, kama unamkanda mtoto. Zikatoka hazina hata kipele." Alitupa fungu kulia. "Wakasifu. Wakasema hawajaona mkonge kama wa Ngomeni."

"Na hizi za pua? Hizi za sasa?"

"Hizi si zinapita tanuru saa moja? Mashine haingoji jua. Siku za mvua zinaingia bado zina umande ndani, nani asiyejua." Hapo mikono yake ikasimama. Bi Mwanshehe hakuwa mjinga. "Wewe unataka kusema nini?"

"Yule Pacha amejifunza kwa zile sitini tu. Anadhani kila paneli ya Ngomeni ni ile."

"Sasa tungefanyaje? Mgeni amefika nyumbani kwako, kaja kutazama kazi yako, umtolee makoko?"

"Alikuja kupima makoko, Da Mwanshehe. Ndiyo yaliyomleta."

"Basi angesema."

Shebughe alifikiri kidogo, na kadiri alivyofikiri ndivyo hasira ilivyokosa pa kukaa. Walikuwa wamesema. Barua ilisema wazi: sampuli za kawaida, kutoka mstari wa kawaida. Aliisoma yeye mwenyewe, akaikunja, akaitia mfukoni, akawaambia watu wake wachague zilizo bora. Haikumpitia akilini kwamba hilo linaweza kuitwa udanganyifu. Aliona anafuta aibu tu, aibu ya kuonyesha watu wa Dodoma kitu cha hivi hivi.

*

Ijumaa saa ya chakula waliutoa mzinga wa hewa kwenye banda lake. Nakijwa alikuwa amesikiliza habari yote ya zile sitini akiwa amefumba macho, na alipoyafumbua alisema neno moja tu: "Tupige."

Ilibidi wapate ndege wa kurusha. Shebughe alikwenda jikoni kwa mpishi wa kantini, akaomba kuku mzima wa kilo moja, na manyoya yake.

"Na manyoya?" mpishi aliuliza. "Nyie mafundi mnakula nini siku hizi?"

"Tunampiga risasi."

"Lakini huyu nimeshamchinja."

"Lete kuku, bwana."

Walichukua paneli ya akiba, ya kundi lilelile lililotengenezewa pua ya Namba Saba, wakaifunga kwenye fremu. Nakijwa aliuliza kwanza Pacha anasemaje. Pacha akajibu bila kusita: madhara 0.12, mgongo wa paneli salama. Wakajaza hewa, wakaenda nyuma ya ukuta wa zege, wakafungulia.

Mlio ulikuwa mmoja, kama mlango wa chuma uliobamizwa na mtu mwenye visa. Manyoya yakaelea banda zima.

Upande wa mbele kulikuwa na doa, na doa lilikuwa na uchafu wa kuku. Nakijwa alilifuta kwa kitambaa. Chini yake palikuwa laini.

"Afadhali," alisema polepole.

"Pita nyuma."

Alipita nyuma. Mgongo wa paneli ulikuwa umefumuka wote, singa zimening'inia kama nywele za mtu aliyeamshwa vibaya, na mahali hapo palitoka harufu ya mkonge mbichi. Nakijwa alitia kiganja ndani. Kikapita, kikapita na kifundo cha mkono. Alizishika singa zilizokatika: zilikuwa safi, hazina chembe ya gundi. Gundi haikuwahi kuzishika. Ule umande uliobaki ndani yake uligeuka mvuke kwenye moto wa kukandamiza, na mvuke ukakaa kati ya singa na gundi, ukakomea hapo.

"Dereva angekuwa amekaa hapa," alisema.

"Mshale hauna dereva. Hapo ni abiria wa safu ya kwanza."

Alikimbia kwenda kuingiza kipimo. Shebughe alimfuata kwa mwendo wake wa kawaida, na alipofika alimkuta amesimama mbele ya kioo, mikono kiunoni, macho mekundu.

"Amekitupa," alisema. "Kipimo kimoja dhidi ya sitini. Anasema kimepotea njia. Kakiweka kando."

"Tupige vingine."

"Tupige vingapi, Fundi? Ili ahesabu kwamba zile sitini ndizo zilizopotea, tupige zaidi ya sitini, kila kimoja kwa kibali. Ni kazi ya miezi minane." Alikaa chini. "Kuna njia moja ya haraka. Zile sitini ziondolewe. Zikiondolewa Pacha anabaki hana alichojifunza, na asichokijua hawezi kukiruhusu. Treni zote zinasimama dakika hiyohiyo."

"Ziondoe."

"Siwezi. Anayeweza ni mwenye alama." Hakumtazama. "Atoe tamko kwamba zilichaguliwa. Na sheria ya kumdanganya Pacha unaijua."

Aliijua. Ilibandikwa chooni. Mwenye alama anafukuzwa na kuzuiwa kazi yoyote ya cheti maisha yake yote, na kila kitu kilichochomwa alama yake kinakuwa batili mpaka kipimwe upya. Jembe lilikuwa kwenye paneli zote za Ngomeni kwa miaka kumi na moja. Kiwanda kingefungwa siku hiyohiyo, na wafanyakazi mia tatu na arobaini wangepewa likizo isiyo na tarehe ya kurudi.

*

Meneja Kallaghe alimwita alasiri. Walikuwa rika moja na walicheza mpira pamoja ujanani, Kallaghe golini, Shebughe beki ya kulia, kwa hiyo hawakupoteza muda.

"Binti Mshana kaniambia," Kallaghe alisema. "Nimekwenda kuiona hiyo paneli. Sikubishii."

"Basi simamisha treni."

"Naisimamishaje? Pacha anasema iende. Nikiisimamisha mimi kwa neno la nyundo, kesho analetwa meneja mwingine na treni inaondoka. Tulia, nimepata njia. Mtu wa ratiba ni shemeji yangu. Ataandika upepo mkali, treni ziende mia tatu. Mia tatu mseto wetu unaweza, umeweza miaka tisa. Anaweza kushikilia hivyo wiki mbili. Wewe huku unanitengenezea pua kwa mkono, kama zile sitini. Tunabadilisha moja moja, kimya kimya. Hakuna anayefukuzwa, hakuna anayekufa."

Yalikuwa maneno ya mtu mwenye akili, na hicho ndicho kilichomuudhi Shebughe. Angekuwa mwizi ingekuwa rahisi.

"Pua moja kwa mkono ni siku tisa," alisema. "Jua likiwepo. Treni ziko kumi na moja."

"Ndiyo."

"Siku tisini na tisa. Shemeji yako ana kumi na nne."

"Ataongeza."

"Ataongeza?"

Kallaghe alitazama dirishani. "Ataomba."

"Kwa hiyo siku themanini na tano tunaomba Mungu mwewe wa Mkomazi wasiamke."

"Ile imempiga mwewe jana ikarudi nzima, Shebughe."

"Ilirudi imeachana. Wa pili ndiye anayeingia ndani."

"Hujui."

"Sijui," Shebughe alikubali. "Na Pacha hajui, na wewe hujui. Tofauti ni kwamba Pacha hajui kwamba hajui, na mimi ndiye niliyemfanya hivyo."

"Una watu mia tatu arobaini hapa."

"Usinihesabie. Nimefanya nao kazi."

Alitoka na kuupiga mlango, jambo ambalo halikumsaidia chochote.

*

Jumamosi saa moja asubuhi abiria walikuwa tayari wamejipanga kwenye jukwaa la Ngomeni, wamevaa vizuri, wanapigana picha na ile pua inayong'aa. Duara la chaki lilikuwa limefutwa. Bi Mwanshehe alimngoja Shebughe getini, kitenge cha kazi kiunoni, ingawa Jumamosi haikuwa zamu yake.

"Kallaghe kapita kwangu," alisema. "Unakwenda kutoa tamko?"

"Sijui."

"Miguu yako inajua. Sikiliza. Wale wanawake bandani hawakumgonga mwewe. Wengine hawakuwepo hata mwaka ule. Mwajabu kaanza Machi."

"Najua."

"Na njia ipo. Kallaghe kakupa njia."

"Njia ya siku kumi na nne."

"Kumi na nne ni nyingi kuliko sifuri. Watu wanaishi kwa hizo." Alimsogelea. "Na kosa lenyewe ni lipi? Tulifanya kazi nzuri. Kwa miaka yote niliyokaa hapa ile ndiyo kazi nzuri kuliko zote. Utakwenda kusema ni uongo?"

Shebughe alitaka kumjibu kwamba uongo haukuwa kwenye kazi, ulikuwa kwenye kusema kwamba ndiyo kazi yao ya kila siku. Lakini alijua hata yeye alihitaji usiku mbili kulielewa hilo, na bado lilikuwa linateleza kila alipolishika.

"Jina lako sitalitaja," alisema.

"Nani kakuuliza habari ya jina langu?" Bi Mwanshehe aligeuza uso. "Nenda. Usiniage."

Hakumuaga.

Nakijwa alikuwa ofisini tangu alfajiri. Fomu ilikuwa tayari kwenye kioo. Shebughe alikaa, akaweka kidole kwenye duara la utambulisho, Pacha akamsalimu kwa jina. Maswali ya kwanza yalikuwa mepesi. Alama ni yako? Ni yangu. Sampuli zilitoka mstari wa kawaida? Hapana. Ulijua zinatakiwa zitoke mstari wa kawaida? Alikaa kwenye hilo kidogo. Ndiyo. Nani mwingine alichagua? Aliandika: Mimi peke yangu.

Swali la mwisho lilikuwa na visanduku vitatu.

SABABU: FAIDA. VITISHO. UZEMBE.

"Ya kwangu haipo," alisema.

"Chagua iliyo karibu," alisema Nakijwa.

"Hakuna iliyo karibu. Sikupata senti. Hakuna aliyenitisha. Andika heshima."

"Hapaandikiki, Fundi. Ni visanduku tu."

"Andika mgeni. Andika tulikuwa na mgeni."

"Fundi." Nakijwa aliangalia saa. Huko nje kipaza sauti kilikuwa kinawaambia abiria wafunge mikanda. "Zimebaki dakika kumi na mbili. Bila hicho kisanduku haiendi."

Shebughe alitazama kile cha tatu. Alikumbuka wiki zile tatu, kamba za kuanikia zimejaa weupe mpaka macho yanauma, yeye akipita kila saa kuvunja singa moja moja kwa vidole asikie kama imekauka. Hakulala vizuri siku zile. Alizigonga zote sitini, kila moja mara mia, na zote zikajibu ti. Maishani mwake hakuwahi kuwa makini kiasi kile, hata siku aliyozaliwa mwanawe wa kwanza.

"Mashine ya kijinga kabisa," alisema, akabonyeza UZEMBE.

Kwanza hakikutokea kitu. Kisha mashine za kukandamiza kule kiwandani zikaanza kunyamaza moja baada ya nyingine, na kila iliyonyamaza iliacha nafasi ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka. Ya mwisho ilipozimika, Nakijwa alifunika uso kwa viganja. Shebughe alimwambia akanywe chai, akatoka.

Jukwaani milango ya Namba Saba ilikuwa imefunguka tena. Watu walikuwa wanashuka na mabegi yao, wanafoka, wanapiga simu. Juu ya ubao mkubwa Pacha alikuwa ameandika kwa herufi nyekundu: SAFARI ZOTE ZIMESITISHWA. CHANZO: UZEMBE WA FUNDI.

Mama mmoja mnene, mwenye gauni jipya la rangi ya machungwa, alimwona Shebughe na ovaroli yake akamsimamisha.

"Wewe ni wa hapa?"

"Nilikuwa wa hapa."

"Treni ina nini?"

"Pua yake mbovu."

"Mbona nimeishika sasa hivi, laini kabisa? Nimepiga nayo picha." Mama aliusoma tena ule ubao, midomo ikienda. "Huyu fundi mzembe ni nani? Mimi nina msiba Same, wanazika saa saba."

Mlinzi wa jukwaa, aliyemjua Shebughe vizuri, alitazama viatu vyake.

"Wamemfukuza?" mama aliuliza.

"Sasa hivi," Shebughe alisema.

"Wamechelewa," alisema yule mama. Akajitwika begi, akaelekea getini pamoja na wenzake mia mbili sabini na tisa, wote wazima, wote wamenuna.